Kizibo Shingoni

"Kaa kitako, mwanangu. Nakusuka, sikunyoi."

Ilikuwa mara ya tatu shangazi kusema hivyo, na kwa mara ya tatu Kimya alijirudisha kwenye kigoda, akakunja mikono mapajani, akatulia kwa muda wa kumeza mate. Halafu goti la kushoto likaanza tena kuchezacheza lenyewe.

"Leo una nini? Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

"Sina kitu, shangazi."

"Huna kitu. Na hii kamba shingoni ni ya nini? Nguo mpya, hereni nimekuazima zangu za sherehe, wewe unavaa kamba ya kiatu."

Shangazi alinyoosha kidole kuivuta. Kimya akamshika mkono kabla haujafika.

"Usiivute. Tafadhali."

Shangazi alimtazama kwenye kioo, naye akatazama pembeni. Hakuwa mtu wa kushika watu mikono. Jina la Kimya alipewa na mtaa, kwa sababu aliweza kukaa kwenye cherehani yake dirishani tangu asubuhi mpaka jua linazama asitoe maneno kumi, macho tu ndiyo yakifanya kazi. Alijua nani kapita na viatu vipya, na nani kapita ametoka kulia. Watu walisema binti huyu ana subira ya jiwe. Hawakujua kwamba jiwe lenyewe lilikuwa na siku tatu halijalala.

Chini ya gauni, mwisho wa ile kamba, kilining'inia kizibo cha shaba kikubwa kama kidole gumba, kina mistari ya kukazia kama ya skrubu. Kilikuwa cha Kiboko. Na Kiboko alikuwa wa Kiguu.

Kiguu alikuwa fundi wa kuchomelea. Kwao walimwita Kiguu na Njia tangu alipojifunza kutembea, maana ukigeuka tu hayupo, na jina likafupika likabaki Kiguu. Karakana yake ilikuwa mwisho wa barabara, chini karibu na ziwa, na humo ndani kwa miaka miwili alikuwa ameunda kitu ambacho watu walikuja kukitazama, wakaondoka wakicheka: tela lenye nyumba juu yake. Nyumba hasa, yenye kitanda, jiko, madirisha mawili na kibaraza cha kukaa. Unaifunga nyuma ya gari, unaivuta unakotaka. Ukifika kwenye maji husimami. Unaisukuma ndani, unakunja magurudumu yanapanda mbavuni, unawasha injini ndogo ya nyuma, nyumba inaogelea. Nchi kavu anaishi, majini anaishi, ndipo akaitwa Kiboko.

Kimya aliitwa pale kupima mito ya viti. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Ilichukua miezi minne, kwa sababu kila alipomaliza, Kiguu aligundua kitu kingine kisichoweza kuishi bila kushonwa.

"Pazia la dirisha la nyuma," alisema siku moja.

"Nimeshona juzi."

"Sasa hili la mbele linaona wivu."

Kimya hakucheka. Aliinama kwenye futi yake ya kupimia, akapima dirisha lile lile mara mbili, na alipoinua uso akamkuta Kiguu amesimama na miwani ya kuchomelea imepandishwa kichwani, anamtazama kama mtu aliyefika mahali. Mtu asiyetulia hata akinywa maji, alikuwa ametulia.

Mwezi uliopita Kiguu alikuja nyumbani kumwomba. Baba yake Kimya alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilisimama juu ya misingi aliyochimba yeye, na kila alipozipita alizigonga ukutani kwa kiganja, kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Msingi wa nyumba yako una kina gani?"

"Inategemea nimeegesha wapi, mzee," Kiguu akajibu akitabasamu. "Juzi ulikuwa na mita nne. Zote maji."

Shangazi, aliyemlea Kimya tangu mama yake afariki, alicheka akajifanya anakohoa. Baba hakucheka.

"Siku nikimtaka mwanangu, nigonge mlango upi?"

Tabasamu la Kiguu likabaki usoni bila kazi.

"Nenda ukatafute jibu la hilo," baba alisema. "Ukilipata, kiti chako ni hicho hicho."

Jibu halikupatikana. Badala yake, Jumatano, ulikuja ugomvi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, paa la karakana likavuja, maji yakaingia kwenye tumbo la Kiboko. Tumbo lile lilikuwa tupu ndani, ndilo lililomfanya aelee, na nyuma kabisa, chini, lilikuwa na tundu la kutolea maji lililozibwa kwa kile kizibo. Kiguu alikifungua, maji yakatoka, akakivaa shingoni kwa kamba yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana, aliiweka mwenyewe baada ya mashua ya mteja mmoja kuzama ikiwa mpya: anayefungua kizibo anakivaa, na havui mpaka amekirudisha. Kabla ya kushusha chombo chochote majini, Kiguu alipapasa shingo yake tu. Shingo ikiwa tupu, kizibo kipo mahali pake. Hakuhitaji kuinama kutazama.

Siku ile maji yalipokwisha kutoka, aliikuta shingo ya Kimya karibu mno. Kimya alikuwa amemshikia taa. Kiguu akaivua ile kamba akamvisha yeye, polepole, akaziinua nywele zake zipite.

"Haya. Sasa mimi siwezi kwenda popote mpaka wewe uniruhusu."

Kimya alisikia damu ikimpanda masikioni. Na kwa sababu hakujua la kufanya na furaha kubwa kiasi kile, akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni.

"Ng'ambo ya ziwa unakwenda lini?"

Kulikuwa na watu ng'ambo waliotaka kumwona Kiboko. Wakimpenda, wangeagiza wengine.

"Karibuni. Njoo nami."

"Niende kama nani?"

"Kama wewe."

"Baba amekuuliza swali."

"Baba yako anataka nijichimbie shimo nisimame ndani yake."

"Utarudi lini?"

"Nitajuaje? Nikirudi nimerudi."

"Hilo ndilo jibu lako? Nikae dirishani nihesabu magari?"

"Si ndiyo kazi yako? Kukaa na kutazama?"

Alijuta hapo hapo, Kimya aliona. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Kimya akaweka taa chini, akachukua mkasi wake, akaondoka. Alifika nyumbani ndipo akagundua kizibo kiko kifuani. Akajiambia, atakuja kukidai. Hawezi kwenda bila hiki, na hana kingine, alikichonga mwenyewe. Atakuja, na akija atasema samahani, nami nitamsikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi hakuja. Ijumaa Kimya alimwona kwa mbali anapita upande wa pili wa barabara, akasimama, akatazama uani kwao ambako viti vilikuwa vinafutwa vumbi, akaenda zake. Na Jumamosi ikawa leo, na viti vilikuwa vya mgeni.

"Hodi."

"Huyo amefika," shangazi alinong'ona, akamalizia suko la mwisho. "Na hilo goti liache hapa chumbani."

Mgeni alikuwa mwenye duka la saruji. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimsumbua Kimya kuliko angekuwa mbaya. Alikuwa mnene, mpole, shati limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikuja peke yake, kwa kujuana tu, na tangu alipokaa alikuwa anazungumza na baba habari za nyumba yake mpya ambayo baba angeanza kuichimbia msingi Ijumaa ijayo.

"Vyumba vinne," alisema, akimtazama Kimya kwa haya. "Kimoja nimekitengea cherehani. Nimesikia unashona."

"Kina dirisha?" shangazi akauliza haraka.

"Kubwa. Linatazama ukuta, lakini ukuta mzuri."

Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana ukuta ule wa kuzunguka kiwanja alikuwa ameujenga yeye. Kimya alimimina chai. Sahani ikapata zaidi ya kikombe.

"Mniwie radhi nimechelewa," mgeni aliendelea, akijaribu kuendesha mazungumzo. "Nilipita kwanza njia ya ziwani kumfikishia mtu mzigo. Nimekwama nyuma ya ile nyumba ya magurudumu. Inavutwa polepole kama harusi."

Birika likasimama hewani.

"Inavutwa kwenda wapi?" Kimya akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mgeni aingie.

"Majini. Nimemwacha yule kijana anaigeuza airudishe kinyumenyume. Anavuka leo, nasikia."

Kimya alijipapasa kifuani. Kizibo kilikuwapo, kigumu, cha moto. Na papo hapo akamwona Kiguu kana kwamba yuko mbele yake: amesimama pembeni ya maji, amepeleka mkono shingoni, amekuta shingo tupu, ameridhika. Alikuwa hajakosea hata hatua moja. Alikuwa amefuata sheria yake mwenyewe, neno kwa neno.

"Una gari?" akamwuliza mgeni.

"Ninayo pikapu, ndiyo."

"Nipeleke ziwani."

Mgeni alianza kutabasamu, akidhani ameombwa matembezi.

"Kaa chini," baba alisema. Hakupandisha sauti. "Mgeni hajamaliza chai."

"Baba, kuna mtu anazama."

"Nani?"

"Yule uliyempa swali."

Kijiko cha mgeni kiliendelea kuzunguka kikombeni peke yake. Kimya aliingiza mkono kwenye shingo ya gauni mbele ya watu wote, akaivuta ile kamba, kizibo kikatoka. Shangazi akajifunika macho.

"Hiki ndicho kinachoziba tumbo la Kiboko. Hajui kama ninacho. Ameshuka majini tundu likiwa wazi."

Alitegemea kelele. Lakini baba alikuwa fundi kabla hajawa baba, na jicho lake lilikuwa limekwenda kwenye shaba.

"Tundu lina ukubwa huo huo?"

"Huo huo."

"Na tumbo, mapipa mangapi?"

"Kama sita."

Baba alitazama dari, midomo ikihesabu. "Nusu saa. Dakika arobaini kama ana bahati." Akasimama, akachukua kofia na ile kamba nene ya kufungia majukwaa ya ujenzi. "Bwana, samahani kwa chai yako. Washa gari."

Walipanda mbele watatu, wamebanana, Kimya katikati kati ya mtu aliyetaka kumwoa na mtu aliyetaka aolewe. Shangazi alipanda nyuma na birika mkononi, kwa sababu hakukumbuka kuliweka chini.

"Yule kijana," mwenye duka la saruji akauliza barabarani, macho mbele, "ni ndugu?"

Baba alianza kuikunjua ile kamba nene mapajani.

"Basi," akasema taratibu, akakanyaga mafuta.

Kiboko alikuwa majini, hatua kama hamsini kutoka kwenye mteremko wa kushushia mashua, anazunguka. Hakuwa anakwenda popote. Alizunguka kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Kiguu alikuwa amekaa kibarazani mbele, mkono kwenye usukani, ametazama upande wa mtaani, chini ya lile turubai la milia ambalo Kimya alilishona pindo mara mbili ili lisipigwe na upepo. Kwa mbali ilikuwa picha nzuri. Lakini Kimya alikuwa anatazama nyuma, chini, kwenye ubavu. Kulikuwa na mstari mwekundu pale. Kimya ndiye aliyeshika kopo la rangi Kiguu alipouchora. Maji hayakutakiwa kuupita. Mbele mstari ulionekana wote. Nyuma haukuwapo kabisa.

Akashuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Kiguu! Shingo yako!"

Sauti ile hakuijua kuwa ni yake. Shangazi naye hakuijua, akageuka kutafuta nani kaita.

Kiguu alisimama. Alimwona. Akapeleka mkono shingoni kwa mazoea, kisha akafungua viganja vyote viwili kumwonyesha: hakuna kitu. Kimya aliinua kizibo juu, jua likakipiga.

Hata kwa umbali ule aliona uso wa Kiguu ukibadilika. Aligeuka nyuma, akautafuta mstari, hakuupata. Akageuza usukani kuelekea nchi kavu, injini ikakohoa, ikameza maji, ikanyamaza. Kiboko akasogea kwa nguvu iliyobaki, zikabaki hatua thelathini, ishirini, kisha akabaki anayumba, makalio chini, kama mzee aliyekalia kiti kibovu.

Kiguu alirusha kamba. Ikaangukia majini, nusu ya njia.

Kimya hakuvua viatu. Aliingia na gauni jipya, na hereni za sherehe, maji ya magotini, ya kiunoni, gauni likafura pembeni yake. Akaishika ncha ya kamba, akarudi nayo hatua chache mpaka alipoweza kumrushia baba, na baba akaiunga na yake, akaifunga kwenye pikapu kwa fundo lile la jukwaani ambalo halijawahi kumwangusha mtu.

"Gia ya kwanza," baba alimwambia mwenye gari. "Polepole. Ukiikata, mimi na wewe tutaonana."

"Sijawahi kukata kitu, mzee," yule alijibu kwa heshima.

Kiboko alianza kuvutika. Kimya akazunguka nyuma yake, maji yakamfika kifuani. Kiguu aliruka akaja kusimama karibu naye. Hawakusalimiana. Kimya alipeleka mkono chini ya bati akipapasa, na alipolipata tundu alilijua kwa jinsi lilivyokuwa likivuta maji, likivuta na vidole vyake.

"Hapa. Kamba haifiki."

"Inama."

Aliinama. Kiguu akaivua kamba kichwani kwake, ikakwama kwenye nywele zilizosukwa asubuhi ile kwa ajili ya mtu mwingine. Alihangaika nayo, vidole vyenye makovu ya moto vikitafuta njia bila kumuumiza.

"Umekwisha chelewa, na sasa unaogopa kung'oa unywele," Kimya alisema, meno yakigongana.

Kamba ikatoka, Kiguu akakifungua kizibo kwenye fundo lake. Waliingiza kizibo pamoja, mkono wake chini, wa Kiguu juu ya wake, wakakikaza mpaka kikakataa kugeuka. Mvuto ule ukakoma. Mikono ilibaki pale pale.

"Kwa nini hukuja kukichukua? Siku tatu nakusubiri."

"Kuchukua nini? Shingo yangu ilikuwa tupu."

"Kwa sababu ulinivisha mimi."

"Nakumbuka kukuvisha." Kiguu aligeuza uso kwenye maji. "Sikumbuki kama kilikuwa kizibo. Sikuwa nawaza kizibo."

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Shingo."

Kimya alitaka kucheka akakuta analia, na majini hakuna aliyeweza kuona tofauti, isipokuwa aliyekuwa karibu vile.

"Tangu jana najua kuna kitu nimesahau," Kiguu alisema. "Nimehesabu spana. Nimehesabu mito yako. Nimepita kwenu nikaona viti, nikasema basi, ndicho hicho, ni yeye ninayemwacha. Nimeshuka majini bado kinanisumbua. Ndiyo maana nazunguka. Nimeshindwa kuondoka, Kimya. Mimi, nimeshindwa kuondoka."

"Ningeweza kukuletea. Ni mwendo mfupi tu. Nilikaa nacho ili usiende." Alisema taratibu, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo alikuwa hajajiambia hata mwenyewe. "Nikajisifu nina subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekufunga kamba, na kidogo nikuzamishe nayo."

"Na mimi nilikutukana kwa kutazama kwako. Bila macho yako sasa hivi ningekuwa naongea na samaki."

"Mkimaliza kukaza," sauti ya baba ilisema kutoka nchi kavu, "kuna maji ya kutoa."

Pua ya Kiboko ilikuwa imegusa mteremko. Walifungua kifuniko cha sakafuni, wakaanza kuteka. Kiguu kwa ndoo, mwenye duka la saruji kwa beseni la vyombo, suruali ameikunja, shati limelala. Shangazi alimwaga chai ziwani, akateka kwa birika.

"Nimeamka kupokea posa," alimwambia mwenye duka, "sasa ona."

"Mimi je, mama?" yule akajibu, akipokezana naye.

Baba hakuteka. Aliingia ndani akazunguka kimya kimya. Aligonga ukuta kwa kiganja. Akasukuma mlango, akaufunga, akausukuma tena. Akapitisha kidole kwenye mshono wa mito. Kisha akatoa mfukoni timazi yake, kile kipande kizito cha shaba chenye ncha anachokining'iniza kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima, akaitundika kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Kiboko sasa alikuwa mwepesi, anaelea. Timazi ikaenda kushoto, ikaja kulia, ikaenda kushoto.

"Haitulii," mwenye duka alisema.

"Haitulii," baba alikubali. Alichuchumaa, akaweka kidole sakafuni chini ya ncha, akakaa hivyo muda mrefu, maji yanabembeleza ubavu, watu wanamsubiri. "Lakini inarudi. Kila mara hapa hapa."

Alisimama kwa shida ya magoti, akamgeukia Kiguu.

"Nilikuuliza swali."

"Bado natafuta jibu la mlango, mzee. Nisikudanganye." Kiguu alijifuta uso, akamtazama Kimya, si baba. "Watu wa ng'ambo wananisubiri, lazima niende. Lakini siku ya kurudi ninayo. Alhamisi. Jua halijazama."

Ndilo neno alilolikosa Jumatano. Kimya alilisikia likishuka ndani yake, likatua.

"Alhamisi," baba alirudia. Aliitungua timazi, akaupima uzi wake kwa mikono. "Ijumaa asubuhi naanza msingi wa huyu bwana. Bila hii siwezi kuanza hata tofali moja. Miaka thelathini haijalala nje ya mfuko wangu." Akaunganisha ncha mbili za uzi kwa fundo. "Sheria yenu si ndiyo hiyo? Anayechukua anavaa. Inama."

Kiguu aliinama. Baba akamvisha, uzito ule ukamvuta shingo mbele kama ng'ombe wa kulima.

"Utakuja kunirudishia mwenyewe, na watu wazima wa kwenu, mlango wangu unaujua. Hiyo ni nzito, huwezi kuisahau."

"Kwa hiyo nyumba yangu inamtegemea huyu," mwenye duka la saruji alisema. Alitazama beseni mikononi mwake, kisha akamtazama Kimya kwa mara ya mwisho kwa jicho lile la haya. "Basi asichelewe. Saruji Ijumaa nitaleta vile vile."

Injini ilipokauka ikakubali kuwaka, mchana ulikuwa umesogea. Kiguu hakumshika Kimya mbele ya baba yake. Alipapasa shingo, akakuta timazi, akacheka peke yake. Akainama, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akainama mpaka mashavu yakagusa maji, akakitazama kizibo kwa macho. Kisha akamkabidhi Kimya ile kamba ya kiatu, tupu, imelowa.

"Tunza."

Kimya alisimama pale mpaka Kiboko akawa kijumba, mpaka kikawa doa. Hakumtazama Kiguu. Alikuwa anatazama mstari mwekundu, na ulikuwa juu ya maji wote, mbele na nyuma.

Nyumbani shangazi alimkalisha tena kwenye kigoda, afumue suko lililoharibika. Kimya alivumilia dakika tano. Mkono wake ulikwenda shingoni, ukakuta hakuna kitu, ukarudi mapajani, ukaenda tena. Shingo tupu, kila kitu kipo mahali pake. Sasa alijua jinsi sheria ile inavyoweza kusema uongo, na leo ilikuwa Jumamosi tu.

"Kaa kitako, mwanangu."

"Siwezi, shangazi," alisema, akainuka na nywele nusu zimefumuliwa. Akaihamisha cherehani kutoka kwenye dirisha la barabarani, akaiburuta chumba kizima mpaka kwenye lile jingine dogo, linalotazama ziwani, akaketi, akaanza kupima kitambaa cha mito ya kibarazani. Watu wawili, wamekaa pamoja. Na nafasi ya birika.